Goma: mtoto akitoka kwenye ziwa, apate pa kufikia

Watu waliokimbia vita wanajua tofauti kati ya kuhama na kufukuzwa. Anayehama anatayarisha: anatuma habari mbele, anajua nyumba atakayofikia, anafunga sufuria na godoro. Anayefukuzwa anatoka usiku na nguo aliyovaa. Katika mitaa ya magharibi ya mji wa Goma, ambako familia nyingi kutoka Masisi zinaishi kwa ndugu na marafiki, kuna watoto wanaoachishwa ziwa kwa namna hiyo ya pili. Jana walikuwa wananyonya, leo hawanyonyi tena, na hakuna chakula kilichotayarishwa kuwapokea.

Hii ni habari ya mama mmoja mwenye miaka 26, mzaliwa wa Masisi, na mtoto wake wa tatu, mvulana, aliyeachishwa ziwa akiwa na miezi 15. Jina la mama halitajwi, kwa sababu jambo kama hili linaleta maneno mtaani na mama ndiye anayelaumiwa wa kwanza. Lakini yaliyompata yanawapata wengi, na njia aliyopitia kumrudisha mtoto wake kwenye afya inaweza kufuatwa na mama mwingine hata asiye na pesa nyingi.

Namna ilivyokuwa kijijini

Watoto wake wawili wa kwanza waliacha ziwa kule nyumbani, kila mmoja akiwa anakaribia miaka miwili. Hakuna aliyeona kazi hiyo kuwa nzito. Wakati ulipofika, mama mkwe alikuja kumchukua mtoto, akalala naye wiki mbili nyumbani kwake. Jirani alikuwa na ng'ombe. Maziwa ya jioni yalichemshwa, mtoto akapewa kikombe, na yaliyobaki yakaachwa yagande mpaka yawe mashanza. Nyuma ya nyumba kulikuwa na lengalenga na maharagi, na chini ya mti wa avoka watoto waliokota matunda wenyewe. Mtoto aliporudi kwa mama yake alikuwa amezoea kula, na usiku alilia kidogo tu.

Hakuna mtu aliyekuwa anahesabu vitamini. Ila ukitazama vizuri, mtoto yule alikuwa anapokelewa na watatu: ng'ombe, shamba na nyanya yake. Ziwa la mama liliondoka, na hao watatu wakashika nafasi yake.

Februari 2024, mapigano yalipokaribia Sake, mama huyu alikimbia na watoto wawili na mimba kubwa. Mvulana wa tatu alizaliwa kambini, magharibi mwa Goma, ndani ya kibanda cha basheni, karibu na njia iliyopitwa na watu siku nzima. Alinyonya vizuri. Kwa miezi sita ya kwanza hakupewa kitu kingine, na kambini ilikuwa bahati, maana maji ya kunywa yalikuwa shida na kipindupindu kilikuwa kinazunguka. Ziwa lilimlinda.

Mwaka uliofuata, Februari 2025, kambi kubwa za pembeni mwa Goma ziliondolewa watu. Wengine walirudi vijijini, wengine wakaingia mjini. Bwana yake alirudi Masisi kuona kama mashamba bado yanalimika. Yeye alifikia kwa binamu yake, katika parseli moja yenye familia nne, robine moja na choo kimoja.

Siku tatu za pilipili

Ili watoto wale, mama alianza kubeba mizigo kwenye soko la Kituku, kando ya ziwa Kivu, pale maboti yanapofika na makala, ndizi na viazi. Aliondoka asubuhi sana, akarudi jioni. Mtoto alibaki na dada yake wa miaka minane. Mchana kutwa hakunyonya, usiku alinyonya mpaka asubuhi, na mama hakulala. Kisha akagundua kwamba ana mimba nyingine.

Binamu yake alimwambia kwa nia nzuri: "Dada, ukiendelea kumnyonyesha na mimba iko, utamuua. Hayo maziwa si yake tena, ni ya yule wa tumboni." Wanawake wengine wa parseli walikubaliana naye. Wote walikuwa wamesikia maneno hayo kwa mama zao.

Siku hiyohiyo jioni, mama alijipaka pilipili kwenye matiti. Mtoto alishika ziwa, akaachia, akapiga kelele. Alilia usiku wa kwanza, akalia usiku wa pili. Usiku wa tatu alimtazama mama yake, akageuka upande wa ukuta, akalala. Majirani walisema: "Sasa umemaliza kazi." Mama naye aliamini imekwisha. Matiti yalimuuma siku kadhaa, yakapoa.

Alichokula mtoto tangu siku hiyo kinaelezeka kwa maneno machache. Asubuhi, chai kavu yenye sukari na andazi. Mchana, kama kilibaki kitu cha jana, alipewa. Jioni, bukari ya muhogo na supu ya sombe, kwenye sahani moja na watoto watano wa parseli. Katika sahani kama hiyo mkono mdogo unafika wa mwisho. Mtoto wa miezi 15 anatafuna polepole, anaangusha, anacheza na chakula. Wenzake wa miaka sita na minane wanamaliza kabla yeye hajameza mara tatu. Hakuna aliyemnyima. Kila mtu aliona ameketi kwenye sahani, wakadhani amekula.

Bukari ya muhogo inashibisha tumbo, lakini haina nyama ya kujenga mwili wa mtoto. Chai kavu haina kitu isipokuwa sukari, tena chai inayonywewa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua madini ya chuma, yale yanayotengeneza damu. Kwa hiyo mtoto alitolewa kwenye maziwa, akapewa maji ya rangi.

Baada ya siku kumi hivi aliharisha. Alipona, lakini hakucheza tena kama zamani. Alikaa tu mlangoni. Nywele zilianza kuwa nyekundu na laini. Halafu miguu ikajaa, na mashavu yakawa ya mviringo. Mama alifurahi. Aliona mtoto ananenepa.

Kidole gumba

Aliyegundua ni mama mmoja wa mtaani, anayefanya kazi ya reko, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kuhamasisha watu juu ya afya. Walikuwa wanangojea maji kwenye robine. Alimtazama mtoto mgongoni, akasema: "Mama, niruhusu nishike miguu yake." Alibonyeza juu ya kila mguu kwa kidole gumba, akahesabu mpaka tatu, akaachia. Shimo likabaki kwenye ngozi, mguu wa kushoto na wa kulia. Hakusema maneno mengi. Alisema tu: "Huu si unene. Kesho asubuhi twende wote."

Wazee wa Kivu wanaujua ugonjwa huu. Wanauita bwaki. Hospitali ya watoto ya Lwiro, katika eneo la Kabare, Kivu ya Kusini, imetibu watoto wa bwaki kwa miongo mingi. Kwa lugha ya waganga unaitwa kwashiorkor, na jina hilo si la Kizungu. Ni neno la lugha ya Kiga, kutoka Ghana ya leo. Mganga mzaliwa wa Jamaica, Cicely Williams, alilisikia kwa akina mama wa huko na kuliandika katika jarida la waganga mwaka 1935. Maana yake ni ugonjwa unaomshika mtoto wa kwanza pale wa pili anapozaliwa. Waganga wa leo wanajua kwamba kwashiorkor haitokani na kitu kimoja tu. Kuhara, surua na chakula cha aina moja kila siku vinaungana. Lakini akina mama wa Ghana walikuwa wameona mlango ambamo ugonjwa unaingilia: mtoto anayesukumwa kutoka kwenye ziwa kabla ya kupata pa kufikia.

Kwenye kituo cha afya, muganga alimpima mtoto kwa utepe wa mkono. Utepe huo una rangi tatu. Nyekundu ni chini ya milimita 115, na maana yake ni hatari kubwa. Manjano ni kutoka 115 mpaka chini ya 125. Kijani ni 125 kwenda juu. Mkono wa mtoto ulikuwa kwenye manjano. Lakini kwa mtoto mwenye miguu iliyovimba yote miwili, rangi ya utepe haitoshi. Uvimbe peke yake unamweka kwenye kundi la hatari. Mama anayeona shimo la kidole kwenye miguu yote miwili ya mtoto asingoje rangi nyekundu.

Walimpa mtoto siagi ya karanga ya pakiti, ile ya kutibu utapiamlo, ili waone kama ana hamu ya kula. Muganga alimwambia: "Papa, onja." Alionja, akaendelea. Kwa sababu alikula vizuri na hakuwa na homa wala ugonjwa mwingine mkubwa, hakulazwa. Aliandikwa kwenye UNTA, yaani matibabu ya kuchukua dawa na kurudi nyumbani, na kufika kila wiki kwa kipimo. Kila pakiti ya gramu 92 ina nguvu ya kalori 500. Muganga alisisitiza jambo moja: pakiti hizo ni dawa ya mtoto mgonjwa, si biskuti ya kugawia wenzake, wala si kitu cha kuuza. Mama aliitika, lakini moyoni alijua ugumu wake, maana parseli ina watoto watano wenye njaa. Tangu siku hiyo alimlisha ndani ya nyumba, mlango umefungwa.

Maziwa hayakuharibika

Muganga alimuuliza mama alivyomuachisha. Alieleza yote, mimba, pilipili, maneno ya binamu. Alitegemea kukemewa. Muganga alimjibu: "Mama, maziwa yako hayakuharibika. Mimba haigeuzi maziwa kuwa sumu."

Akamfafanulia. Mwanamke mwenye mimba isiyo na matatizo anaweza kuendelea kunyonyesha. Maziwa yanaweza kupungua mimba inapokua, na ladha yake inaweza kubadilika, ndiyo maana watoto wengine wanaacha wenyewe. Lakini hayamdhuru anayenyonya wala hayamwibii aliye tumboni, mradi mama mwenyewe aongezewe chakula. Mwenye kutoka damu, au aliyewahi kuzaa kabla ya wakati, huyo amuulize muganga kwanza. Vilevile mama mwenye virusi vya UKIMWI anayekunywa dawa zake kila siku bila kukosa anaweza kunyonyesha mpaka miezi 24 na zaidi, akifuatwa na kituo chake.

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linashauri mtoto anyonye ziwa tu kwa miezi sita, kisha aanze chakula huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Katika mwaka wa pili, ziwa bado linaweza kumpa mtoto karibu theluthi moja ya nguvu anayohitaji kwa siku. Kwa familia iliyo na ng'ombe na shamba, theluthi hiyo inaweza kupatikana kwingine. Kwa familia inayoishi kwa kubeba mizigo, theluthi hiyo ni mlo ambao hakuna anayeulipia.

Muganga akamshauri ajaribu kumrudisha kwenye ziwa, angalau usiku. Wiki tatu zilikuwa zimepita. Usiku wa kwanza mtoto aliliangalia ziwa, akarudisha kichwa nyuma. Pilipili alikuwa hajaisahau. Mama hakumlazimisha. Alilala naye kifua wazi, ngozi kwa ngozi, usiku wa pili na wa tatu. Usiku wa nne, katikati ya usingizi, mtoto alishika ziwa mwenyewe. Maziwa yalikuwa machache, lakini yalikuwepo. Binamu aliposikia asubuhi, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mimi pia wangu wa pili nilimtoa hivyo hivyo." Mtoto wake huyo wa pili hakuwa hai tena. Siku hiyo hakuna aliyeongea zaidi juu ya jambo hilo.

Sahani yake mwenyewe

Baada ya hapo kazi ikawa moja: kumtayarishia mtoto pa kufikia, ili siku ya kuacha ziwa ikifika asianguke tena.

La kwanza halikuhitaji pesa. Mtoto alipewa sahani yake. Chakula chake kinapakuliwa kwanza, pembeni, na dada yake anakaa naye mpaka amalize. Mama anapoiona sahani hiyo jioni, anajua mtoto amekula kiasi gani. Mtoto wa miezi 12 mpaka 23 anahitaji kula mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo katikati, kama ndizi mbivu au kipande cha avoka. Kila mlo ufike robo tatu ya kikombe cha mililita 250, mpaka kikombe kizima. Tumbo lake ni dogo. Mlo mmoja mkubwa wa jioni haumtoshi hata kama ni mzuri.

La pili ni kuongeza kitu cha kujenga mwili kwenye chakula kilekile cha familia. Soko la Kituku lenyewe lina jibu. Sambaza wa ziwa Kivu ni samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao. Samaki hao nao ni wageni hapa. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazoea, na leo wanalisha miji yote ya kando ya ziwa. Mama anachukua fungu dogo anapomaliza kazi, anawakausha, anawasaga kwenye kinu mpaka wawe unga, anaweka ndani ya kopo lenye kifuniko. Kijiko kimoja cha unga huo kinaingia kwenye uji au kwenye mboga ya mtoto. Kinatosha kubadilisha bukari tupu kuwa chakula.

Siku zisizo na sambaza kuna maharagi. Yanapikwa mpaka yalainike kabisa, yanapondwa, na ganda linaondolewa kwa mtoto mdogo. Kuna karanga za kusaga, lakini si nzima, maana karanga nzima inaweza kumkaba mtoto. Kuna soja, ila lazima ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, kwa sababu soja mbichi inasumbua tumbo. Wengi wa Goma wanajua unga wa sosoma, mchanganyiko wa mtama, soja na mahindi. Uji wake usiwe maji. Uji mzuri wa mtoto ni ule unaokaa juu ya kijiko bila kumwagika. Ule unaokunywewa kama chai unajaza tumbo na maji.

La tatu ni rangi. Kijiko cha mafuta ya mawese, lengalenga zilizokatwa ndogo, karoti, papai. Hivyo vinampa vitamini A, inayolinda macho na kumpa nguvu ya kupigana na magonjwa. Tone la vitamini A linalotolewa kila miezi sita kwa watoto wa miezi 6 mpaka 59 ni la lazima pia, hasa kwa mtoto aliyepoteza karatasi yake ya kipimo njiani. Karatasi ikipotea, mtoto apelekwe hivyo hivyo.

Na chai kavu iliondolewa. Hiyo ilimgharimu mama maneno na watoto wengine, maana wote walizoea kunywa pamoja. Sasa mdogo anapata uji asubuhi, na sukari iliyokuwa inaingia kwenye chai yake inabaki kwenye bei ya sambaza.

Juu ya maziwa ya ng'ombe

Mtoto akishapita miezi 12, maziwa ya ng'ombe ni chakula kizuri kwake. Huko Masisi ni kitu cha kawaida. Goma yanafika kwa moto, ndani ya bidoni, na bei yake inapanda njia ikifungwa. Mama huyu hanunui kila siku. Wanawake watatu wa parseli wamekubaliana kununua lita moja pamoja mara mbili kwa wiki, kila mmoja anachukua sehemu ya mtoto wake.

Wanayachemsha mpaka yapande, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kuleta magonjwa ya ng'ombe, pamoja na kifua kikuu na brusela. Hawaongezi maji. Muuzaji anaweza kuwa amekwisha kuongeza ya kwake, na mama akiongeza tena mtoto anakunywa maji meupe. Wanatumia kikombe, si chupa ya kunyonyea, kwa kuwa chupa ni ngumu kuosha, na mahali penye kipindupindu chupa chafu ni hatari. Maziwa yanakunywewa siku hiyohiyo. Yakibaki, yanagandishwa baada ya kuchemshwa. Mashanza yanadumu kuliko maziwa matamu, na tumbo la mtoto linayapokea vizuri.

Vikombe viwili vidogo kwa siku vinatosha. Mtoto anayejazwa maziwa mchana kutwa anakataa chakula, na maziwa hayana madini ya chuma ya kutosha. Hata familia yenye uwezo ikumbuke hilo.

Maziwa ya unga ya vipakiti vidogo yanahitaji macho. Mengine yametengenezwa kwa mafuta ya mimea badala ya mafuta ya maziwa, na maziwa mazito ya sukari ya kopo si chakula cha mtoto mdogo. Maziwa ya dukani yanayoandikwa kwamba ni ya watoto waliopita mwaka mmoja si ya lazima. OMS ilirudia hilo katika mwongozo wake wa 2023. Mama asiuze unga wa familia ili anunue kopo hilo. Katika Kivu wanawake wengi wanapima maharagi na unga sokoni kwa kopo tupu la Guigoz. Kwa mtoto wa miezi 15 anayenyonya bado, kopo hilo likijaa maharagi lina faida kuliko lilipokuwa jipya.

Siku ya kuacha itakapofika

Mama huyu atajifungua. Anajua mvulana wake ataacha ziwa siku moja, kwa kupenda au kwa kuongozwa, na safari hii hataki pilipili. Muganga alimwonyesha njia. Aondoe nyonyo moja tu kwanza, ile ya mchana ambayo mtoto haililii sana, na mahali pake aweke uji au kikombe cha maziwa. Akae siku kadhaa. Akiona mtoto amezoea, aondoe nyingine. Ya usiku iwe ya mwisho. Matiti yakijaa na kuuma, akamue kidogo apunguze uzito na kuweka kitambaa cha maji baridi. Akipata homa au ziwa likiwa jekundu na moto, aende kituoni.

Asianze mtoto akiwa anaharisha, ana homa au ametoka kwenye surua. Asianze wiki ya kuhama nyumba. Na ziwa linapoondoka, mikono ibaki: mtoto abebwe, alale karibu, aimbiwe. Kile alichokuwa anakitafuta kwenye ziwa usiku si maziwa peke yake. Kijijini nyanya yake alikuwa anajua hilo bila kuambiwa. Mjini, kazi ya nyanya inaweza kufanywa na baba akiwepo, na shangazi, au na jirani mwenye kitanda na subira.

Bwana yake alipopiga simu kutoka Masisi, aliuliza kwa nini mtoto bado ananyonya wakati mimba iko. Mama alimweleza. Alinyamaza, kisha akauliza anahitaji nini. Alimjibu: maharagi. Gunia dogo lilifika Goma siku kumi baadaye, juu ya gari la makala.

Miguu ya mtoto haijai tena, na shimo la kidole halibaki. Nywele mpya zinazoota kwenye mizizi ni nyeusi. Utepe wa mkono bado uko kwenye manjano, karibu na kijani, na kila wiki anarudi kupimwa. Katika parseli, watoto wengine wawili walio chini ya miaka miwili wamepewa sahani zao. Binamu ndiye aliyezinunua, sahani mbili za plastiki, na ndiye anayekaa nao mchana mpaka wamalize.